Kocha Lanier na Swali la Yadi Moja

Jumanne, 8 Oktoba
Jumamosi timu yetu ya chuo, ule mpira wa Kimarekani wa kubeba mkononi, ilibakiza yadi moja ifunge. Moja tu, hata mimi na goti langu hili ningeivuka. Kocha Lanier akaamuru mpira upigwe teke badala ya kubebwa, tukafungwa. Waandishi wakamuuliza kwa nini. Akasema vijana wamejituma, tutaangalia mkanda wa mechi, tunachukua mechi moja moja. Nimezima redio kwa fimbo.

Dada Verlene, jirani yangu na adui yangu wa kwaya, kanunua televisheni kubwa kama mlango wa ghala. Anataka watu wa kanisa wahamie kwake Jumamosi. Tangu enzi za marehemu Otis wangu, mechi za chuo zinatazamwa sebuleni kwangu. Bila kelele za Jumamosi, nyumba hii ni kaburi lenye mapazia. Nimemwambia nitamfanya kocha ajibu swali waziwazi, redioni. Nikiweza, watu wanabaki kwangu. Kacheka mpaka kashika uzio. Kasema, "Dada Ozella wewe, hata mkewe hajawahi kujibiwa." Tumepeana mikono.

Jumatano, 9 Oktoba
Kila Alhamisi kocha hufanya kipindi cha redio kwenye mkahawa wa mbavu. Mashabiki wanauliza, yeye anakula. Nimempigia mtangazaji, Ricky Pruitt. Kataka kujua swali kwanza. La yadi moja, nikasema. Nafasi zimejaa, kasema. Nikakata, nikapiga tena kwa sauti ya kizee zaidi: nataka kumuuliza kocha anapenda pai gani. Nafasi ikapatikana. Darasa silijui, ila wajinga nawajua.

Nimeoka pai ya viazi vitamu, ya kumlegeza.

Alhamisi, 10 Oktoba
Mkahawa umefurika. Verlene kakaa mbele, kavaa kofia ya Pasaka, Oktoba hii. Nikashika kipaza sauti: mwanangu, yadi moja, kwa nini teke? Ricky akawa mweupe kuliko kitambaa cha meza. Kocha katabasamu. Kashukuru mashabiki. Kawasifu wapinzani. Kasema uamuzi ni wa timu nzima. Maneno mengi, kitu hakuna. Kama kukamua fahali. Nikavuta pai niliyomwekea mezani, nikasema mtu asiyejibu hali pai yangu. Watu wakapiga meza. Kumbe kipande kashameza. Nikamuuliza, basi pai vipi? Kasema bila kupepesa, jimbo zima likisikia, "Kungumanga imezidi, mama."

Sijatukanwa hivi tangu nibatizwe.

Ijumaa, 11 Oktoba
Verlene kaja asubuhi, uso umemwanguka. Kasema lile la pai lilikuwa swali, na lile la kungumanga lilikuwa jibu, waziwazi kabisa, na redioni. Hajui kusema uongo. Ndiyo maana simvumilii. Watu wanabaki kwangu. Nimemkumbatia mpaka kalalamika mbavu. Nimemwambia alete na televisheni yake.

Jumapili, 13 Oktoba
Jana mashemasi walibeba televisheni ya Verlene kuvuka uzio. Sebule ilijaa, wengine wakakaa kwenye ngazi. Tumeshinda. Kocha kahojiwa, kasema vijana wamejituma. Tukamzomea kwa furaha kubwa.

Leo baada ya ibada Verlene kaniuliza mbele ya mchungaji: sema kweli, dada, kungumanga ilizidi? Nikamjibu viungo vyote vilijituma, mayai nayashukuru sana, nitarudi jikoni niangalie, mimi huchukua pai moja moja. Mchungaji kacheka mpaka katafuta kiti. Sijui kilichomchekesha.

Ila yule kocha. Mtu mzima, anashindwaje kujibu swali dogo?