Kazi Muhimu Nipewe Mimi

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema! Shemeji, kaka wa mke wangu na mwenye kampuni yetu ya kukodisha viti na mahema, ametuita asubuhi. Ile programu inayotupangia kazi kwenye simu sasa ina wakala wa akili mnemba. Mteja akiagiza, wakala anapanga kila kitu. Ila yeye mwenyewe hatujui sisi wala viti vyetu. Kila zana anayoitumia ndani ya programu inatakiwa kuandikiwa maelezo: inafanya nini, itumike lini, isitumike lini. Wakala anasoma, anafuata. Zaidi ya hapo hana habari.

Atakayeandika vizuri atakuwa msimamizi na atapewa chumba cha dirishani. Kile chenye feni! Mimi nimepewa zana mbili, ya kugawa kazi na ya kuahirisha. Mbili nyingine amepewa Mtanashati wa mapokezi, kijana anayepiga pasi mpaka kamba za viatu. Nimechungulia maandishi yake. "Hufunga kazi. Itumike mteja akishathibitisha kuwa amepokea vitu vyote. Isitumike kabla." Basi! Makavu kama mkate wa juzi.

Yangu yana uzito: "Zana hii adhimu humkabidhi mtu jukumu. Kazi muhimu apewe mwenye busara, uzoefu na haiba, yaani mimi. Nyinginezo wapewe wengineo." Wageni wakubwa nitawapokea mimi, meza watabeba wengine. Jioni nimempigia mama mkwe kumwambia chumba nimeshapata. Amepiga vigelegele. Atakuja kukiona Ijumaa. Ndiye mama yake Shemeji, kwa hiyo akishakaa mle ndani na kunipongeza, nani atathubutu kunitoa?

Jumanne, 4 Machi

Nimerogwa. Simu imelia tangu asubuhi. Kufua vitambaa vya meza vyenye madoa ya mchuzi: mimi. Kupandisha viti ghorofa ya tatu, lifti mbovu: mimi. Kuzibua choo cha ghala: mimi! Wenzangu wamekaa kivulini wananitazama. Mtanashati ameniletea maji, eti pole mzee, leo unapendwa. Nikamkata jicho.

Mchana nimegundua kiini. Shemeji ana ugonjwa wa kuandika MUHIMU kwenye kila kazi, hata ya kununua sabuni. Wakala akiona muhimu anasoma maelezo yangu, kisha ananitafuta. Kwa hiyo kosa ni la Shemeji. Maelezo yangu yamefanya kazi barabara.

Nyumbani mke wangu amenichua mgongo akauliza kama nimepandishwa cheo au nimefungwa. Nimemwambia asubiri Ijumaa.

Jumatano, 5 Machi

Dawa imepatikana! Zana ya kugawa sijaigusa. Kuibadilisha ni kukiri kosa. Nimeshughulikia ile ya kuahirisha, ambayo nilikuwa sijaiandikia kitu: "Huahirisha kazi. Itumike kila inapofaa." Mtanashati akasoma juu ya bega langu. Akauliza inafaa lini, aamue nani, na mteja atapewa taarifa na nani. Nikamjibu kwamba mwenye akili huelewa, na huyu wakala ameletwa hapa kwa ajili ya akili.

Kufikia saa nne kazi zangu zote zimeyeyuka. Wakala ameona mtu amelemewa, akaona inafaa. Nimekunywa chai vikombe viwili. Kisha nikaenda kupima dirisha la kile chumba kwa ajili ya pazia.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Kati ya kazi zilizoyeyuka imo ya mahafali ya chuo cha wauguzi, mteja wetu mkubwa kuliko wote. Viti vimesogezwa hadi wiki ijayo. Mahafali hayakusogezwa. Wazazi wamesimama juani, mkuu wa chuo amehutubia akiwa juu ya kreti la soda. Akampigia Shemeji kusema kwamba viti visipofika kabla ya vyeti kutolewa, mkataba umekwisha. Tumerukia lori sote. Mtanashati amevua tai akabeba viti kama sisi. Tumefika cheti cha kwanza kikiwa mkononi mwa mgeni rasmi.

Shemeji hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma. Ameniuliza polepole kama nilichoandika ndicho nilichotaka. Nikaona aibu kweli. Kisha nikamweleza kwamba wakala hajazoea lugha ya juu.

Ijumaa, 7 Machi

Mtanashati ameandika upya maelezo ya zana zangu. Ya kugawa inasema aangaliwe nani yuko zamu, ana kazi ngapi na anaweza kufanya nini. Neno "muhimu" lisitumike kuchagua mtu. Ya kuahirisha isitumike bila ruhusa ya mteja. Pakiwa na shaka, aulizwe msimamizi. Msimamizi ni yeye. Chumba chake. Feni yake!

Mama mkwe amefika amejipamba, mkononi saa ya ukutani ya kunizawadia. Amenikuta uani, viti begani. Akauliza chumba kiko wapi. Shemeji akatazama ukutani. Mtanashati akafungua mlango, akasema karibu mama, tunakitumia sote wawili. Mama mkwe akakaa chini ya feni, akaniita mwanangu, akachagua pa kutundika saa. Nimekaribia kulia. Kijana ana moyo mzuri kuliko nilivyodhani. Hata hivyo chumba ni kidogo kwa watu wawili.

Jumamosi, 8 Machi

Msimamizi ametoa agizo la mwisho. Kila mfanyakazi ajieleze mwenyewe, anaweza nini na hawezi nini, ili wakala asimpe mtu kazi isiyomfaa. Maneno machache, wazi, bila mapambo. Dereva ameandika kwamba anaendesha lori, habebi mizigo mizito kwa sababu ya mgongo. Mpishi wa chai ameandika chai.

Yangu nimeyaanza na uzoefu na haiba. Wiki hii imenifunza, siwezi kukataa. Uzoefu nimeufuta. Haiba nimeifuta. Sijaweka hata pambo moja. Nimeandika maneno mawili, mafupi na wazi kama wanavyotaka, nikatuma kabla Mtanashati hajachungulia:

"Anaweza yote."