Vita vya Kope za Bi Shukri wa Hargeisa

Sogeeni, enyi wa mkekani na enyi wa mlangoni, acheni vikombe vipoe, niwasimulie vita alivyopigana Bi Shukri binti Warsame, simba wa cherehani, dhidi ya jeshi lisiloonekana kwa jicho, ingawa lilipiga kambi jichoni penyewe.

Utitiri, kila mmoja na miguu yake minane, ulichimba mahandaki kwenye mashina ya kope zake. Kope zikavaa magamba, zikawasha, zikapukutika. Macho yakaiva, ukungu ukatanda, hata tundu la sindano likamkimbia. Na diraa, gauni pana la harusi ya mpwa wake, iliyobakiza wiki saba, haikuwa na pindo.

Shujaa akafanya nini? Akazidisha wanja. Wanja wa kijiti cha marehemu mama yake, kile kile kilichozunguka barazani kila alasiri, jicho hadi jicho, mabibi wote wakichovya.

Wanja uliposhindwa, akaenda zahanati. Daktari Ifrah, binti mdogo kuliko cherehani ya mgonjwa wake, akang'oa ukope mmoja, akauweka chini ya hadubini.

"Mama, una wageni. Wanapunga miguu."

"Mimi? Naoga mara mbili kwa siku, binti yangu."

"Karibu sote tunao. Wako wamezidi. Kitambaa cha moto, kisha pangusa kope na dawa hii, asubuhi na jioni, wiki sita. Foronya zichemshe. Na wanja tupa, na kijiti chake."

"Kijiti cha mama?"

"Chagua, mama. Kijiti au macho."

Basi yule jabali akakitia kijiti kwenye makaa mbele ya baraza zima.

"Shoga, bila wanja unafanana na mfiwa," akasema jirani yake Khadra. "Na wadudu ni wa kuku. Sisi wenzio tu safi." Akasema hayo akijikuna kope.

Wiki sita chuma kikakutana na chuma, yaani pamba na ngozi. Siku ya arobaini na mbili, uzi ukapenya tundu la sindano kwa shambulio la kwanza.

Khadra akaingia, miwani myeusi usoni, ndani ya nyumba.

"Shukri, yule daktari wako anapatikana wapi? Ni binamu yangu anauliza."

"Mwambie binamu yako avue miwani, akae. Nina pindo la kumaliza, kisha nitampeleka."

Na iandikwe katika tarehe za mataifa: mwaka ule ilikombolewa nchi nzima, kope mbili za juu na mbili za chini.