Ombi la Kurudishiwa Bomba Linalogonga

Kwa Meneja,
Idara ya Maji.

Ndugu Meneja,

YAH: KUNYAMAZISHWA KWA KAKA YANGU NA FUNDI WAKO

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba umeifungua kabla ya chakula cha mchana, kwa maana ni ndefu. Mimi ni mstaafu wa ofisi ya uhakiki wa vyeti. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yangu ilikuwa kushika cheti cha mtu, kukigeuza, kukiinua dirishani kwenye mwanga, na kusema ni halali au si halali. Ofisini waliniita Darubini. Nalisema hili mapema usije ukanidhania mtu wa kuamini kila anachosikia.

Ninachoomba ni kidogo. Mwagize fundi wako aje alegeze alichokikaza bafuni kwangu Jumanne iliyopita. Kaka yangu alikata kauli miaka miwili iliyopita, hospitalini. Fundi wako amemkatisha kauli mara ya pili. Maelezo ni kama ifuatavyo.

1. Jinsi mawasiliano yalivyoanza. Miezi minne iliyopita, saa nne asubuhi, nilikuwa napiga mswaki kwa maji ya kopo, kwa sababu maji ya bomba yalikuwa yamekatika tangu alfajiri. Koki niliiacha wazi. Maji yaliporudi, bomba la ukutani likagonga mara tatu, kwa sauti nzito ya mtu asiye na haraka. Nikauliza, povu mdomoni, ni nani. Likagonga tena. Mtu mwingine angekimbia au angelia. Mimi nilitema povu nikaenda kutafuta kalamu.

2. Tahadhari nilizochukua. Niliwahi kusoma kijitabu kinachoonya kwamba si kila roho inayoitika ni ile uliyoiita. Zipo za uongo. Hupenda kumsifu mtu, hupenda kumwamrisha, na humjia akiwa na njaa au majonzi. Basi nilikula kwanza. Kuhusu majonzi sikuwa na la kufanya, ila nilivaa tai. Niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, viatu miguuni na mlango wazi, ili ikinibidi kukimbia nikimbie kwa heshima. Nilichora fomu ya utambuzi yenye nakala tatu: moja yangu, moja ya jalada, moja ya roho. Ile ya roho niliibandika ukutani karibu na bomba, ikalowa. Kugonga mara moja ilikuwa ndiyo, mara mbili hapana, na mara tatu, naomba swali lirudiwe.

Mke wangu ni mshonaji, na cherehani yake iko chumba cha pili. Alikuja akasimama mlangoni na pini zake mdomoni, akayasikiliza mahojiano ya kwanza mpaka mwisho. Kisha akazitoa pini akasema, "Ndugu yako katoka huko kote, na neno la kwanza unamwomba kitambulisho?" Nilimjibu kwamba utaratibu ni utaratibu. Akarudi kwenye cherehani na kuikanyaga kwa nguvu kuliko kazi ilivyohitaji.

3. Matokeo ya uhakiki. Sitaficha, mhojiwa alifanya vibaya. Nilimuuliza kama utotoni tulilala kitanda kimoja. Ndiyo. Sahihi. Nikamuuliza kama ni yeye aliyenisukuma nikavunjika jino. Hapana. Hapo nilitiwa moyo sana, kwa sababu kaka alilikana jambo hilo maisha yake yote.

Kisha nikamtega. Nilimuuliza kama anamkumbuka shangazi yetu mwenye duka la vitambaa. Hatujawahi kuwa na shangazi huyo. Akagonga mara moja, bila kusita. Kazini, cheti chenye kosa la namna hiyo ningekirudisha kabla chai haijapoa. Nikauliza kama nilikuwa mtumishi mwema, akagonga kwa nguvu iliyoutikisa ukuta mpaka kopo la miswaki likaanguka. Kijitabu kinasema roho inayosifu ikataliwe papo hapo. Nilichukua kalamu nyekundu, nikaiweka juu ya fomu, na Ndugu Meneja, mkono uligoma. Nilijiambia kwamba huenda shangazi yupo, mimi ndiye sikutambulishwa.

4. Sababu ya mkono kugoma. Kipengele hiki si cha mambo ya maji na unaweza kukiruka, lakini ukikiruka utaniona mwendawazimu bila maelezo.

Kaka alikuwa mwalimu wa jiografia. Alifundisha miaka kumi na minne, na wanafunzi wake walichora mito na milima kwa chaki kwenye sakafu ya darasa, wakatembea juu yake. Siku moja vyeti vya walimu vikaletwa mezani kwangu, na chake kilikuwa cha saba kutoka juu. Muhuri wake ulikuwa umechorwa kwa mkono. Ulichorwa vizuri, na mkono wenyewe nilikuwa naujua tangu tukiwa wadogo.

Ningeweza kumpa mwenzangu wa meza ya pili jalada lile. Ningeweza kumpigia kaka simu kwanza. Lakini niliogopa wangesema Darubini haoni nyumbani kwake, nikajikinga. Niliandika "si halali", nikatia sahihi, nikaenda kunywa chai. Nilijiona mtu safi kwa muda wa kama robo saa.

Aliachishwa kazi mwezi uleule. Hatukusemezana miaka kumi na mmoja, hadi alipofariki. Kwenye mazishi yake nilisimama getini kama mtu aliyepotea njia, na daftari la rambirambi liliponifikia nilijikuta nalinganisha miandiko.

5. Kosa lenyewe. Siku ya Jumanne nilikuwa na swali moja tu lililobaki, na halikuwa la utambuzi. Nilikuwa nimeliandika kwenye karatasi nisije nikalibadilisha njiani: Je, umenisamehe? Nilingoja juu ya ndoo tangu saa tatu. Saa nne na dakika kumi koki ikaanza kukohoa, nami nikafungua mdomo. Wakati huohuo akatokea fundi wako, yule wanayemwita Spana, ameitwa na jirani wa chini anayedai ukuta wetu unampigia kelele. Aliniomba nimpishe. Akapanda kwenye ndoo yangu, akakaza vishikizo vitatu vya bomba, akafungua koki, akasikiliza, akashuka. Dakika sita. Sijawahi kuona mtumishi wa idara yoyote mwepesi namna ile, na ilikuwa siku ambayo nilimhitaji achelewe.

Tangu hapo maji yanakuja kimya. Nimeuliza lile swali mara tisa.

6. Utetezi wa fundi. Nilipomweleza alichokifanya, Spana alinisikiliza kwa adabu, akanishika bega, akasema, "Mzee, ni upepo tu ulikuwa umeingia kwenye bomba." Nilimwomba arudie, nikayaandika. Ndugu Meneja, mimi nalalamikia pepo, fundi wako anajitetea kwa upepo. Tumetofautiana kwa herufi moja. Nimewahi kufuta vyeti vya watu kwa herufi moja, lakini siku hizo aliyekuwa na kalamu ni mimi. Na hata tukikubaliana kuwa ni upepo, nauliza kwa heshima zote: idara imethibitishaje kwamba upepo huo haukuwa wa familia yetu?

7. Maombi yangu.

(a) Spana arudi avilegeze vishikizo vilevile vitatu, kwa kiasi kilekile.

(b) Kama haiwezekani, idara initolee barua yenye muhuri inayosema aliyekuwa akigonga alikuwa, au hakuwa, kaka yangu. Muhuri nitauhakiki mwenyewe.

(c) Mafundi wote wafunzwe kwamba kabla ya kukaza bomba lolote waulize kwanza, kwa sauti ya wastani, kama kuna mtu ndani.

(d) Maji yaendelee kukatika kila alfajiri bila kukosa. Yasipokatika hayarudi, na yasiporudi hakuna mazungumzo. Najua wateja wengine watanung'unika. Niko tayari kuzunguka mlango kwa mlango kuwaeleza umuhimu wake.

Nisalimie makatibu, wasoma mita, mlinzi wa getini, na Spana mwenyewe, ambaye sina kinyongo naye, kwani alipomaliza alikausha sakafu. Mke wangu pia anakusalimu, ingawa amesema nisimtaje.

Mimi ninayesubiri majibu yako, bafuni,

Darubini (mstaafu)

Nyongeza: Utaratibu unataka kila anayetajwa kwenye malalamiko apewe nakala. Kwa kuwa kaka hana anwani, jana nilimpelekea shemeji, mjane wake, nikaisukuma chini ya mlango na kuondoka haraka. Asubuhi hii amenipigia simu. Sikuwa nimeisikia sauti yake tangu mazishi. Amesema ameisoma mara mbili, ya pili kwa sauti mbele ya watoto, na watoto wamecheka mpaka kwenye kipengele cha nne. Kisha akaniuliza, "Shemeji, kaka yako aliwahi kugonga mlango gani?"

Ni kweli. Kaka hakubisha mlango wa mtu maisha yake yote. Aliingia chumbani kwangu nikiwa nabadili nguo. Aliingia jikoni kwa majirani akafunua sufuria. Mke wangu alipokuwa mchumba wangu, mara ya kwanza kumwona kaka alimkuta nyumbani kwao, kwenye kiti alichozoea kukalia yeye, anakula. Miaka thelathini na mmoja ya uhakiki, fomu ya nakala tatu, swali la mtego, na jambo hilo halikunijia. Miezi minne nimekuwa nikiungama kwa upepo wa idara yako.

Lile swali lililobaki nilimuuliza shemeji. Hakusema ndiyo wala hapana. Amesema kaka hakulizungumzia, na yeye hawezi kumsemea. Anachojua ni kwamba yeye mwenyewe bado ana hasira na mimi, nyingi, na hakuna aliyewahi kwenda kumuuliza. Niende Jumamosi mchana nikazisikilize zote, na nisichukue kalamu.

Kwa hiyo usimtume Spana. Futa maombi (a) hadi (d), hasa (d), ambalo nimelisoma tena sasa hivi na kuona aibu. Jumamosi sitakuwa nyumbani. Nilipokuwa naaga, nilimuuliza shemeji kama niingie tu, kama alivyokuwa akifanya kaka. Akasema hapana, mimi si yeye. Nikifika nipige hodi, kisha nisimame hapo nje nisubiri mpaka nifunguliwe.