Uzinduzi wa Shule ya Mlango wa Bluu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa udhuru wa dharura hakufika na ameniagiza nimwakilishe, kwa hiyo najisalimia mwenyewe kwa heshima zote. Mheshimiwa Kaimu Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Maandalizi, ambaye ni shemeji yangu lakini leo yuko hapa kikazi. Ndugu Msaidizi wa Kaimu huyo. Ndugu Mshika Mkasi. Wadau wa ngazi zote, za juu, za kati na hizi za kupandia jukwaani. Mama zetu mlioketi juani, baba zetu mlioegemea ukuta wa gereji, na ninyi mlio kwenye kivuli cha turubai, mnajijua. Na ninyi watoto wetu mlioketi mbele na sare mpya zenye mikunjo ya pasi, ambao ndio sababu ya posho, samahani, ndio sababu ya kikao hiki: habari za asubuhi, ingawa naona imekuwa alasiri. (Makofi. Mshika mkasi anapiga makofi bila kuweka mkasi chini.)

Ndugu zangu, naomba nianze kwa kuanza. Mimi, nikiwa Mratibu Mkuu wa Kamati ya Uratibu wa Uwezeshaji wa Elimu Binafsi Nafuu kwa Watoto Wasiojiweza, kwa kifupi KAUUEBINAWAWA, nasimama mbele ya mlango huu wa bluu nikiwa na furaha isiyo kifani, kwa sababu kwa miaka mingi watoto wa mtaa huu wa katikati ya jiji, watoto wa madobi, wa mafundi viatu, wa wauza mitumba, wamekuwa wakisongamana katika shule moja ambayo mwalimu akitaka kuufikia ubao inabidi aombe njia, wakati watoto wa wenye nazo wanapelekwa shule binafsi kwa basi lenye mapazia. Tukajiuliza, katika semina elekezi iliyofanyika hotelini kwa utulivu mkubwa: je, mtoto wa dobi hana haki ya pazia? (Sauti ya dobi, safu ya pili: "Anayo.") Anayo, mama. Asante sana, umenirahisishia.

Ndipo tukaja na konsepti ya shule binafsi ya bei nafuu. Nafuu ni nini? Kitaalamu, na hapa naongea kama mtu aliyehudhuria wakshopu nyingi kuliko anavyokumbuka, nafuu ni uwiano kati ya gharama za uendeshaji na mfuko wa mzazi, na ninayo fahari kuwatangazia kwamba katika shule hii tumefanikiwa kushusha gharama za uendeshaji mpaka sifuri, jambo ambalo wataalamu wa fizibiliti walituapia kwamba halijapata kutokea mahali popote penye wanafunzi. (Makofi. Vigelegele vya mtu mmoja.)

(Ko, ko, ko. Binti wa dobi ameinuka kwenye mkeka, amelipita jukwaa, anagonga mlango wa bluu. "Hodi.")

Mnaiona hiyo, ndugu wadau? Hiyo ndiyo ari tunayoisema kwenye ukurasa wa mbele wa mpango mkakati. Rudi ukae kidogo, mwanangu, bado hatujakata utepe. (Dobi: "Usimkasirikie, Mheshimiwa. Nyumbani tumemfundisha asiingie pa watu bila hodi.") Malezi bora kabisa, mama. Na hapa ataendelezwa, hodi ni moduli ya pili, mara tu baada ya Vizheni na Misheni.

Sasa nije kwenye takwimu, maana kuna wapinzani wetu ambao bila takwimu hawapati usingizi. Tangu shule hii iasisiwe kwenye makaratasi, asilimia mia moja ya wanafunzi wake hawajafeli. Utoro, hakuna. Mwalimu aliyechelewa, hayupo. Dawati lililovunjika, halipo. Nimezunguka shule nyingi katika majukumu yangu na kila nilikokwenda, jambo la kwanza kuambiwa ni kwamba choo kimeziba; hapa, ndugu zangu, choo hakijawahi kuziba hata siku moja. (Fundi wa gereji anacheka mpaka anashika kiuno. Wenzake wanamziba mdomo kwa tambara.) Kicheko hicho ni cha furaha, na sisi tunakipokea kama mrejesho.

Si vizuri mtu kujisifu, na mimi silipendi kabisa jambo hilo, ila aliyeniandikia hotuba ameweka hapa kwamba "Mratibu Mkuu ni kiongozi mwenye upeo mpana, mnyenyekevu kupita kiasi", na kwa kuwa sina tabia ya kuruka mistari, nimeisoma. (Shemeji anasimama kupiga makofi. Anatazama nyuma. Anakaa.)

(Dobi ananyoosha mkono, kisha hasubiri kupewa nafasi. "Mheshimiwa, mimi sijui mambo ya moduli. Watu wako walinijia kwenye meza yangu ya pasi, wakaniambia nimtoe mtoto kule shule ya zamani ili apate nafasi hapa. Nikamtoa. Dawati lake kule limeshapata mwenyewe. Nauliza tu, anaanza leo?")

Swali zuri mno. Napenda sana mzazi anayeuliza. Tumelipokea, na litawasilishwa kwenye Kamati Ndogo ya Maswali Mazuri, ambayo itaundwa. Ila nikutoe wasiwasi, mama yangu, kwamba katika mtazamo wa muda mrefu suala la leo ni dogo sana. ("Kwangu siyo dogo, baba. Kesho naye nimpeleke wapi?") Nalo ni zuri.

(Ko, ko, ko. "Hodi wenyewe.")

Naomba tuendelee na utepe kabla mvua haijatuwahi. Ndugu Mshika Mkasi. (Mkasi unatafuna utepe na kuuacha mzima. Mratibu Mkuu anaukata kwa meno. Makofi marefu.) Nikisema "Elimu", mseme "Nafuu". Elimu. ("Nafuu.") Elimu. (Sauti chache: "Iko wapi?") Tutalifanyia mazoezi.

Nimalizie kwa shukrani. Kipekee namshukuru fundi seremala aliyetengeneza mlango huu pamoja na fremu yake. Ndugu zangu, huu ni mlango wa kazi: umefungua zahanati, umefungua soko la kisasa, umefungua maktaba, na bawaba zake hazijalegea, kwa sababu kokote ulikokwenda hakuna aliyepata kuupitia. Vijana wa lori sogeeni, unatakiwa kata ya jirani kabla ya jioni, tunafungua wodi ya wazazi na kule wameomba tuupake rangi ya waridi. Huyo binti mtoeni hapo asije akaumia. Mwanangu, acha kubisha. Hakuna mtu ndani. Hata hiyo ndani yenyewe haipo.

(Vijana wanauondoa mlango. Nyuma yake ni ukuta wa gereji, na baba wawili bado wameuegemea. Vijana wanaulaza mlango chini ili wapate pa kuushikia. Dobi anatoka safu ya pili, anajifunga khanga vizuri, anakaa katikati ya mlango, anampakata binti yake. Muuza mitumba anakaa upande wa bawaba. Akina mama wengine wanafuata na watoto wao, mpaka rangi ya bluu haionekani.)

Basi asanteni kwa kunisikiliza. Kikao kimefungwa. Mama zangu, kikao kimefungwa. (Hakuna anayeinuka. Lori linapiga honi. Binti wa dobi: "Mama, ndiyo tumeingia?") Mama zangu, kwa heshima zote nilizozitaja mwanzoni, moja baada ya nyingine, nawaomba sana, shukeni kwenye shule. Inasubiriwa kwingine.