Maksai wa Mzee Bujiku

Jumatatu, 2 Juni

Historia ya sanaa Mbeya imeanza leo asubuhi, nyuma ya karakana ya chuo chetu hapa Iyunga. Mwalimu Lusia ametangaza kwamba mchoro mmoja tu wa darasa letu utapelekwa kwenye maonyesho Iringa, pamoja na aliyeuchora. Mmoja! Jioni nimewaarifu wanakwaya wenzangu kwamba ni mimi. Vigelegele. Mama amekwenda kwa fundi kuagiza suti.

Tunachora maksai wa Mzee Bujiku, mfugaji kutoka Usangu. Kila siku karatasi mpya. Itakayoshindanishwa ni ya Alhamisi. Ijumaa mzee atapita na kusema ni katika mchoro upi anamtambua mnyama wake.

Sharti la Mwalimu: kwanza tutazame dakika kumi bila kugusa penseli. Kumtazama ng'ombe! Mimi, mwenye daraja la kwanza! Nilifumba macho, nikaandaa hotuba ya Iringa.

Jumanne, 3 Juni

Mwalimu ameniuliza mnyama huyu nimemwona wapi. Nikamjibu kwamba msanii huona kwa akili. Akasema akili yangu imechora mbuzi.

Ikupa, binti wa Tukuyu anayeketi kushoto kwangu, alicheka hadi akaangusha kifutio. "Gwe Justine, mbuzi wako amefiwa?" Yeye hutazama mara ishirini ndipo achore mstari mmoja. Masikini, hana kipaji.

Jumatano, 4 Juni

Ufumbuzi! Duka la pembejeo lina kalenda yenye ng'ombe wa fahari, mnene, anayeng'aa. Nimeiomba. Nimeibandika kwenye kioo cha dirisha, karatasi juu yake, penseli ikafuatisha. Robo saa tu. Nikaongeza nundu kwa heshima ya Usangu. Kazi ya kutoa machozi.

Dosari moja: Ikupa. Leo amechora pembe lililopinda na sikio lililochanika, hata mimi nikayatambua, na mimi sijawahi kuyatazama. Lazima azuiwe.

Alhamisi, 5 Juni

Nimejaza chumvi mfukoni, nikaketi upande wa pili, mkabala na Ikupa. Maksai akanusa. Akanigeukia mzima mzima. Mimi uso, Ikupa makalio! Ikupa akahamisha kiti. Nami nikahamisha changu. Maksai akanifuata kwa utii wa kuigwa.

Ikupa akamlalamikia Mwalimu. Mwalimu akamwambia achore anachokiona. Amechora makalio kwa saa mbili. Nilikaribia kumhurumia.

Wakati huo nikautoa mchoro wa kalenda ndani ya koti na kuutia sahihi. Maksai akalamba mfuko mpaka ukachanika. Suruali ya kanisani!

Ijumaa, 6 Juni

Mzee Bujiku alisimama mbele ya mchoro wangu muda mrefu. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Akauliza hii ng'ombe ya nani. Nikamwambia ni wako, baba.

"Mbona ina maziwa?" akasema. "Maksai yangu imezaa lini?"

Darasa zima likalala chini kwa kicheko. Nilieleza kwamba kiwele kile ni ishara ya neema. Mzee akanishika bega, akanipa pole kama mtu aliyefiwa.

Kisha akafika kwa Ikupa. Akapiga makofi! Akasema ndiyo hii yenyewe. Misimu sita anashika jembe nyuma ya makalio hayo, asubuhi mpaka mchana, na angeyajua hata mnadani kati ya ng'ombe mia. Uso huuona jioni tu, akishamfungua nira.

Ikupa anakwenda Iringa. Amekuja kunishukuru kwa chumvi.

Jumamosi, 7 Juni

Nimewaambia wanakwaya kwamba maonyesho yameahirishwa. Mwanakwaya Benedicta akasema ni ajabu, maana asubuhi amemsindikiza Ikupa stendi. Mama amerudi na suti. Inanikaa vizuri mno. Inauma.

Nimejichunguza kwa uaminifu wote. Kosa nimeliona: kalenda ilikuwa na jike.

Jumatatu Mkuu wa Chuo ataketi mbele yetu, na mchoro bora utatundikwa ukumbini. Wangu uko tayari. Nimeufuatisha kutoka picha yake ya harusi iliyo ukutani ofisini: nywele tele, mashavu laini, kijana wa miaka ishirini na mitano. Safari hii nimehakikisha ni dume.

Na ili Ikupa, anayerudi kesho, aone kisogo tu, nimeulizia jikoni Mkuu anapenda nini. Karanga za kukaanga. Nimeshanunua, pakiti nne.