Silinda Nane Uani kwa Mama Mkwe

Alhamisi, 6 Machi
Balaa limeingia uani! Shemeji, kaka wa mke wangu, kahamia hapa na gari lake jipya, refu kama kabati, lenye kioo cha kugusa na viti vinavyopasha moto makalio. Uani panaingia gari moja tu. Nyumba ni ya mama mkwe, naye kasema Jumapili ataamua lipi libaki, lipi likalale barabarani. Langu likilala nje litachunwa hadi taa. Gari la zamani, milango miwili, silinda nane, likinguruma madirisha ya jirani yanatetemeka! Sikubali ng'o.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeliazima la shemeji nilitafutie kasoro. Halina hata tundu la ufunguo! Nikabonyeza kitufe. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Shemeji akaja anacheka mbavu hana: eti kila likiwaka, mimi nalizima. Sasa gari la umeme, lisilonguruma, utajuaje limewaka? Kichwa kinaniuma. Na kile kiti, jamani, kitamu. Sitaki kukiwaza.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepata dawa yake! Mama mkwe ana magoti mabovu. La shemeji ni la kupanda, langu liko chini, unajitupa tu. Nikamnong'oneza kwamba lile litammaliza magoti. Akaniita mwanangu. Haijawahi kutokea!

Jumapili, 9 Machi
Mama kapanda la shemeji huku analalama. Kwenye langu akajitupa, raha mustarehe. Ushindi! Kisha akataka kushuka. Wapi! Mke wangu kavuta mkono huu, shemeji ule, mimi nasukuma kwa nyuma naomba radhi. Hatoki. Akaagiza chai, akasinzia humo humo. Mwishowe tukamtoa kwa kumzungushia shuka, naye akatoa hukumu: langu libaki. Niliruka! Ila injini ing'olewe, harufu ya petroli inamkereketa koo. Anataka pa kupumzikia mchana. Sasa nimeshinda au nimeshindwa? Nimemuuliza mke wangu. Kasema hata yeye hajui aliolewa na nini.

Jumatano, 12 Machi
Fundi kaing'oa injini. Nimelia, sioni haya. La shemeji linalala barabarani, wala hana wasiwasi, maana likiguswa linapiga kelele mtaa mzima unaamka. Kumbe ugomvi wote huu ulikuwa wa nini? Sielewi kitu. Lakini safari hii nimempata! Nimemwambia Jumamosi tushindane pale mlimani. Fundi akauliza breki zitashikaje sawasawa bila injini, maana ndiyo inayozipa nguvu. Mwoga tu yule. Tunashindana kuteremka, na kuteremka hakuhitaji injini!