Uzinduzi wa Taa za Mama Mkwe

Hatimaye nyumba ilipata mradi wa maendeleo. Mkurugenzi Msaidizi wa Uratibu alilitangaza jambo hilo mezani, akiwa amesimama, kijiko mkononi: mwaka huu taa za sikukuu zingecheza kwa kufuata muziki, na utekelezaji ungeanza mara baada ya chai.

"Mimi nilikuomba utundike taa nje ya dirisha la mama," mkewe alisema. "Basi."

Mama huyo, mama mkwe wa Mkurugenzi Msaidizi, alikuwa mwimbaji wa harusini enzi zake. Sasa masikio yalikuwa yamemtupa mkono. Alichoka kucheka wenzake wanapocheka bila kujua wanachekea nini, kwa hiyo wageni wakija, yeye hujifungia chumbani.

"Basi si mpango," Mkurugenzi Msaidizi alijibu. "Lazima pawe na awamu."

Awamu ya kwanza ilikuwa kupanda ngazi. Awamu ya pili ilikuwa kushuka, kwani taa alizisahau chini. Katika awamu ya tatu alizitundika zote kwa ustadi, akagundua plagi imebaki upande wa paa. Mkewe alimshikia ngazi kwa subira ya mtu aliyeolewa siku nyingi.

Mwisho aliunganisha kisanduku kidogo kwenye spika. Sauti ikipita, taa zinawaka na kurukaruka; ikinyamaza, zinazimika. Kilifanya kazi papo hapo. Jambo hilo lilimsumbua, maana alikuwa ameshaandaa maelezo ya changamoto.

Na kwa kuwa mradi usiozinduliwa hauhesabiki, alimwalika bosi wake, Mkurugenzi Mkuu, ambaye siku hizo alikuwa akitafuta naibu. Viti vya mbele vikatengwa kwa wageni wa ofisini.

"Na mama atakaa wapi?" mkewe aliuliza.

"Mama ni mnufaika. Wanufaika huletwa baada ya hotuba."

Jioni, giza lilipoanza kuingia, Mkurugenzi Msaidizi alishika maikrofoni. Kwa mujibu wa ratiba, taa zingewashwa akimaliza. Lakini mtu aliyeratibu kila kitu alikuwa amesahau kuzima kisanduku.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," alianza, na ukuta mzima ukaruka kijani.

"Itifaki imezingatiwa." Nyekundu ikakimbia ukingoni mwa paa.

Alipunguza sauti, taa zikafifia kwa aibu. Akakohoa, nyumba ikalipuka rangi. Wageni waliuma midomo, wakakazia macho viatu vyao.

Mama mkwe aliona rangi zikicheza kwenye pazia, akatoka. Alimwona mkwewe mbele ya watu, mdomo wazi, maikrofoni mkononi, na taa zikipiga mapigo. Alisimama akizitazama. Kisha akaanza kupiga makofi kwa kuzifuata, mabega yakaamka, na mbele ya mgeni rasmi akacheza.

Mkurugenzi Msaidizi alinyamaza. Taa zikazimika. Kizee alibaki gizani, mikono hewani, akigeuka huku na huku kumtafuta binti yake.

Mkurugenzi Msaidizi alimtazama bosi wake. Uso wa bosi ulikuwa umefungwa kama ofisi siku ya mapumziko. Unaibu ulikuwa unaondoka, na aliuona ukiondoka.

"Baba watoto," mkewe alisema taratibu, "endelea."

Akaendelea. Hotuba ilipokwisha alianza taarifa ya utekelezaji, aliyoijua kwa moyo kwa sababu haikubadilika mwaka hadi mwaka. Ikadhihirika kwamba "mikakati shirikishi" ina mdundo wa kiuno. Akina mama wa jirani wakaingia uwanjani. Kwenye "tathmini ya kati" viti vyote vilikuwa vitupu isipokuwa kimoja, na kizee akaenda kumshika mkono Mkurugenzi Mkuu. Mgeni rasmi hawezi kumkatalia mnufaika. Alicheza, vibaya sana, hadi "hitimisho na mapendekezo".

Kizee aliketi kwenye kiti cha mgeni rasmi, akihema, uso umemng'aa. Akamwita mkwewe, na kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe, akamwambia:

"Wimbo mzuri, mwanangu. Ila maneno yake sikuambulia hata moja."

Bintiye alimwinamia sikioni, akapaza sauti ili mama amsikie.

"Hata sisi, mama."

Mkurugenzi Mkuu, ambaye ratiba ilionyesha ndiye msemaji anayefuata, aliikunja hotuba yake akairudisha mfukoni.